Tulivyopigania Mafuta ya Bakteria

Mwanamke aliyeniita mwizi alikuwa mwenzangu wa maabara. Tulikuwa wanafunzi wawili chini ya profesa mmoja, tukisomea shahada ya uzamili katika chuo kimoja upande wa Thika, na hatukupendana tangu siku ya kwanza. Yeye alikuwa mtoto wa Ngoliba, kwao wakulima, na alijibeba kana kwamba ukame wote wa kule aliuvumilia peke yake. Mimi nilipanga chumba Mwihoko, kwenye ghorofa zilizobanana hadi unasikia jirani akisonga ugali, na kwake nilikuwa mtu wa mjini anayeshika udongo kwa glavu. Nilipomsalimu mara ya kwanza, "Sasa?", alinijibu, "Habari yako," kwa sauti ya mwalimu wa zamu, kisha akarudi kwenye kazi yake. Baada ya hapo sikumsalimu tena isipokuwa mbele za watu.

Profesa wetu aliliona hilo na halikumsumbua. Alikuwa mwanamume wa sauti ya chini, mwenye tabia ya kukusikiliza huku anaangalia simu. Muhula wa kwanza alituita ofisini mwake akatuambia ana nafasi moja ya mwanafunzi wa shahada ya udaktari, ile inayofuata uzamili.

"Si mbili," alisema. "Atakayeniletea bakteria wa maana ndiye nitakayebaki naye. Mwingine atatafuta kwingine."

Tulipofika kwenye korido mwenzangu akaniambia bila kunitazama, "Anza kutafuta kwingine."

Bakteria tuliyemsaka ni yule anayeyeyusha fosfeti, chakula cha mimea kilichomo kwenye udongo. Mashariki ya Thika, kuanzia Gatuanyaga ukishuka Ngoliba, udongo una fosfeti ya kutosha, lakini imejifunga ndani ya chembe zake na mizizi ya mahindi haiwezi kuila. Wapo bakteria wanaoifungua. Ukimpata aliye hodari unaweza kumzalisha, ukampaka kwenye mbegu kabla ya kupanda, na mkulima akapunguza mbolea ya dukani. Kazi yetu ilikuwa kuchukua udongo, kuuchanganya na maji ya chumvi na kuyamwaga juu ya visahani vya agari, kitu kama jeli cha kulelea bakteria, iliyotiwa unga mweupe wa fosfeti. Halafu unasubiri. Bakteria anayefaa huacha duara angavu kumzunguka, kwa sababu unga wa pale ameshauyeyusha.

Mimi nilichukua udongo wangu Gatuanyaga, kwenye shamba la mama mzee mmoja ambaye mwanawe alikuwa ameniruhusu. Mwenzangu alichukua wake kwenye shamba la mama yake mzazi. Baada ya miezi ya visahani visivyo na kitu, yeye akapata duara. Alikitembeza kile kisahani maabara nzima kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Nilimwambia hongera. Akasema asante, na akaongeza kwamba udongo wa kwao haujawahi kumwangusha.

Wiki chache baadaye nami nikapata wangu. Lilikuwa duara pana, safi, na koloni yenyewe, lile kundi la bakteria katikati, ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo. Sikukitembeza kisahani changu popote. Nilikifunga vizuri nikakiweka kwenye inkubeta, kabati la joto la kukuzia bakteria, na kwa siku kadhaa nilikuwa nafika maabara mapema kukichungulia kabla yeye hajaja.

Hatua iliyofuata ilikuwa kumjua bakteria mwenyewe ni nani, na profesa alitaka tuanze na mafuta ya seli. Kila bakteria ana utando unaoizunguka seli yake, na utando huo umejengwa kwa mafuta. Bakteria wa aina moja wakilelewa chakula kimoja, joto moja na umri mmoja, asidi za mafuta zilizomo hutoka kwa uwiano uleule kila mara. Wengine wana asidi zilizonyooka, wengine zenye tawi karibu na mwisho, wengine zilizojikunja duara dogo katikati. Ukishaujua uwiano huo, umeshapata namna ya kumtambua mwenye seli.

Niliipenda kazi hiyo, na nadhani ndiyo kitu pekee ambacho mimi na yeye tulikubaliana bila kuambiana. Unakwangua seli kwa kitanzi cha waya kutoka sehemu ya kisahani ambako hazijasongamana, kwa sababu zilizosongamana zimezeeka na mafuta yake yamebadilika. Unazitia kwenye chupa ndogo ya kioo pamoja na soda kali na methanoli, unafunga kifuniko kwa nguvu, unachemsha hadi seli zipasuke na mafuta yageuke sabuni. Kifuniko kikilegea unaona vipovu vikipanda, na kazi yote imeharibika. Halafu unatia asidi, unapasha tena, na mafuta yanageuzwa kuwa aina inayoweza kupaa kama mvuke. Mwisho unamimina hekseni, kiyeyushi chepesi kama petroli, unatikisa taratibu, mafuta yanapanda juu na uchafu unabaki chini. Tone la lile tabaka la juu ndilo linaloingia kwenye mashine. Mashine inalisukuma kwa gesi ndani ya mrija mrefu mwembamba uliozungushwa kama waya wa stima, na kila asidi inatoka kwa wakati wake. Ikitoka, kalamu ya kompyuta inachora kilele. Karatasi inayochapishwa ni mstari mmoja wenye vilele, virefu kwa vifupi, na ndiyo picha ya yule bakteria.

Mwenzangu aliendesha sampuli yake asubuhi na mimi nikaendesha yangu mchana. Nilikuwa bado nasubiri mashine ipoe wakati alipoichukua karatasi yangu kutoka kwenye printa. Nilidhani anaitafuta yake. Aliiangalia kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutambua kwamba kitu si chako, kisha akaenda kwenye meza yake, akachukua ya kwake, akaziweka moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha ambapo jua lilikuwa linapiga.

"Njoo uone," alisema.

Nilienda. Vilele vililaliana. Kile kirefu cha katikati, viwili vilivyoshikana baada yake, kile kifupi cha mwishoni chenye bega. Hakukuwa na mahali ambapo mstari wangu ulitoka nje ya wake.

"Hiyo ni ajabu," nilisema.

"Si ajabu. Gatuanyaga na Ngoliba ni mbali, na shamba la mama yangu halina lolote na hilo lako. Umeniibia bakteria."

"Unasema nini?"

"Wewe ni mwizi. Ulishindwa kupata wako ukachukua wangu. Unakujanga hapa asubuhi na mapema kabla sijafika. Unafikiri sijui?"

Nilimwambia arudie maneno hayo akiwa amenitazama usoni. Akageuka, akarudia, polepole, kila neno peke yake. Nilitaka kuzirarua zile karatasi. Nilichosema ni kwamba mama yake alimlea vibaya, jambo ambalo kwetu huwezi kumwambia mtu halafu mkarudi kuwa kama zamani. Alikunja zile karatasi zote mbili, yake na yangu, akaenda nazo kwa profesa.

Profesa alinisikiliza akiwa anaangalia simu. Nilimweleza jinsi nilivyochukua udongo, jinsi nilivyomtenga bakteria. Alipoinua kichwa aliuliza swali moja.

"Wa nani alitangulia?"

"Wake. Lakini, Profesa, hilo halimaanishi..."

"Halimaanishi, lakini linaonekana hivyo. Mimi sina muda wa kuwa hakimu. Kuanzia leo mashine iko mikononi mwake. Ukiwa na sampuli utampa yeye aiendeshe. Na ukitaka nikuamini, nenda ukachukue udongo upya, umtoe huyo bakteria tena nione."

Yaani mtu aliyeniita mwizi ndiye aliyekabidhiwa ufunguo. Nilirudi Mwihoko siku hiyo nikiwa na hasira ya kunifanya nisahau kula. Jirani aligonga kuomba kiberiti, nikamjibu vibaya, na hakuniomba kitu tena hadi nilipohama.

Kwenda Gatuanyaga mara ya pili hakukuwa kama mara ya kwanza. Nilichukua bodaboda kutoka lami, tukaingia kwenye barabara ya vumbi ambayo hupanda hadi kwenye kope, na dereva akaniacha kwenye geti la miti. Mbwa alikuwa amefunguliwa. Mwenye shamba, yule mama mzee, shosho kama tunavyowaita bibi zetu, aliyevaa kanzu ya kanisa na buti za mpira, alisimama nyuma ya mbwa na hakumwita.

"Shosho, habari ya siku nyingi. Ni mimi, yule wa udongo."

"Najua ni wewe."

"Nimekuja kuchukua kidogo tu tena."

"Hapana. Hii udongo iko na nini? Ulichukua ya kwanza, sasa unarudi na mfuko kubwa. Hapa chini wamekuja watu na mashini ya kupima, wakasema ni ya mambo ya mvua. Saa hii jirani yangu anaambiwa shamba si yake."

"Mimi ni mwanafunzi, shosho. Natafuta vidudu vidogo vya kusaidia mahindi."

"Kama ni vidudu, vichukue barabarani."

Nilimtaja mwanawe aliyeniruhusu. Hilo lilikuwa kosa. Mwanawe, aliniambia, hana shamba. Shamba ni lake, na akitaka kumgawia mtu udongo atamgawia yeye mwenyewe akiwa hai. Alisema haya bila kupaza sauti. Mbwa alikuwa anaguruma muda wote. Nilisimama pale juani nikiwa na jembe dogo na mifuko ya plastiki, na sikuwa na la kusema ambalo mtu mwongo hangesema. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwamba kuna mtu chuoni ameniita mwizi, na nisipopata udongo huu nitabaki kuwa mwizi.

Hakulainika. Alifikiria tu. "Utachimba nikiona," alisema, "na utachukua ile inajaa kikombe."

Alileta kikombe chake cha bati. Nilipiga magoti kati ya mistari ya mahindi yaliyokauka, na ardhi ilinichoma magotini kupitia suruali. Nilichomeka kipimajoto kwenye udongo pale nilipochimba mara ya kwanza, kama nilivyofundishwa, na nikakiangalia mara mbili kwa sababu sikuamini. Udongo ule ulikuwa na joto kubwa kuliko inkubeta yetu. Bakteria wangu nilikuwa nimemlea kwa joto la chumba chenye ubaridi kidogo, na alikuwa amestawi. Nilibaki nimepiga magoti. Shosho aliuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana. Alinisindikiza hadi getini akashika komeo kabla sijageuka vizuri.

Kesho yake niliweka bakteria wangu kwenye inkubeta nyingine iliyopandishwa hadi joto la lile shamba. Hakuota. Nilirudia, akakataa tena. Nilihamisha kisahani kingine kutoka joto la kawaida hadi pale, na koloni zilizokuwa zimeanza zikasimama. Sasa hilo peke yake halikutosha kuthibitisha chochote. Udongo wa chini zaidi una ubaridi, na bakteria wana njia zao za kujificha. Lakini niliitoa tena picha ya mafuta yake, nakala niliyochapisha kwenye kompyuta, nikaisoma bila hasira kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimezoea kuona bakteria wa udongo mkavu wakiwa na asidi nyingi zenye matawi. Huyu hakuwa na tawi hata moja. Alikuwa na asidi laini zisizoganda upesi, za kiumbe anayehitaji utando wake ubaki mlegevu mahali pa baridi. Nilijiuliza, baridi gani, Gatuanyaga?

Nilianza kazi yote upya kwa ule udongo wa kikombe. Kawaida tulikuwa na visahani vitupu, visivyomwagiwa udongo wowote, vya kuhakikisha agari yenyewe ni safi. Tuliviangalia siku ya pili, tukiona havina kitu tunavitupa ili tupate nafasi kwenye inkubeta. Vya udongo ndivyo tulivyoviacha wiki nzima na zaidi. Safari hii sikutupa kitu. Sikuwa na sababu ya kisayansi. Nilikuwa nimeambiwa mimi ni mwizi na nilitaka kila kisahani kibaki mahali pake mtu asije akasema nimekiondoa.

Siku zilipopita, kwenye kisahani kitupu kikatokea nukta. Baadaye zikawa tatu. Rangi ya maziwa na chai kidogo, na pembeni yake duara pana, safi.

Nilikaa chini. Agari tulikuwa tunaichemsha kwa mvuke wa presha, pamoja na chumvi na ule unga wa fosfeti, na hakuna bakteria wa aina hii anayetoka mzima humo. Kitu kimoja tu hatukukichemsha. Sukari ikichemshwa pamoja na vile vingine huungua na kubadilika, kwa hiyo tuliitayarisha peke yake kama maji ya sukari, tukaichuja kwa kichujio chembamba, tukaihifadhi kwenye friji. Chupa ya sukari ilikuwepo kabla yetu. Ilipokaribia kuisha, mimi au yeye tulichuja kidogo zaidi na kuijaza. Hatukuwahi kuimwaga na kuanza upya, na siku yoyote ya kuijaza kiumbe cha baridi kingeweza kuingia. Nilichovya kitanzi ndani ya ile chupa, nikachora kwenye kisahani kipya, nikasubiri. Aliota, kwa wingi, bila udongo wa mtu yeyote.

Nilikuza seli zake, nikazipasua, nikatoa mafuta. Halafu nikalazimika kumwendea mwenzangu, kwa sababu mashine ilikuwa yake.

Alikuwa ameketi mbele yake akila chapati kwenye karatasi, kitu kisichoruhusiwa maabara.

"Nina sampuli," nilisema.

"Weka hapo. Ni nini?"

"Iendeshe kwanza."

"Siendeshi kitu nisichokijua."

"Profesa alisema nikupe uendeshe. Hakusema nikueleze."

Alinitazama kwa chuki ya wazi, akafuta vidole, akaichukua. Nilivuta stuli nikaketi nyuma yake. Vilele vilianza kutokea kwenye skrini, na kabla hata havijamalizika niliona mgongo wake ukikakamaa. Kile kirefu cha katikati. Viwili vilivyoshikana.

"Umenichezea," alisema. "Umeniletea bakteria wangu tena."

"Imetoka kwenye chupa ya sukari."

"Chupa gani?"

"Ya friji. Ile tunayotumia sisi wote."

Kilele kifupi cha mwisho, chenye bega, kilitokea, na mstari ukalala. Aliinuka akaenda kwenye friji, akaitoa ile chupa akaishikilia kwenye mwanga. Maji yalikuwa angavu. Nilimwona akitafuta ukungu ambao haukuwepo.

"Unaweza kuwa umemtia wewe humu," alisema. "Ili uonekane safi."

"Ningeweza. Kwa hiyo usiniamini. Fanya mwenyewe."

Alifanya mwenyewe. Hilo lazima nilikubali, ingawa silipendi. Alichuja sukari mpya, akamwaga visahani vyake mwenyewe, nusu kwa sukari ile ya zamani na nusu kwa sukari mpya, akavifunga kwenye kabati alilokuwa na ufunguo wake yeye tu. Alitoa udongo wa Ngoliba aliokuwa ameuhifadhi tangu mwanzo akaupanda kwenye vyote. Kwa muda wote huo tuliingia na kutoka maabara kama watu wasiojuana. Siku moja alikuwa ndani ya kile chumba kidogo cha vifaa na nikamsikia akilia, kilio kikavu cha mtu anayejizuia. Nilisimama nje nikiwa nimeshika trei. Sikuingia. Nilifikiri, hata mimi nililia siku uliponiita mwizi, na hukuja.

Matokeo yake yalikuwa kama yangu. Penye sukari ya zamani, yule bakteria yupo. Penye sukari mpya, hayupo, wala udongo wa mama yake haukumtoa.

Alikuja kwenye meza yangu akaziweka karatasi mbele yangu. Hakusema samahani. Alisema, "Twende kwa Profesa."

Hapo ndipo nilipojua kwamba profesa alikuwa ameshaenda mbali na bakteria yule. Alikuwa amezungumza na watu wa kiwanda kimoja cha pembejeo, wenye nia ya kumtia kwenye pakiti na kumuuza kwa wakulima, na picha ya mstari wenye vilele ilikuwa tayari kwenye maelezo aliyowapelekea. Alitusikiliza, na safari hii simu ilikuwa imelala mezani kifudifudi.

"Sasa nyinyi mnataka nini?" aliuliza.

"Tukueleze kwamba hakutoka kwenye udongo," nilisema.

"Anayeyeyusha fosfeti au hayeyushi?"

"Anayeyusha. Lakini akifika kwenye joto la kule anakufa. Nimejaribu."

"Umejaribu kwenye kisahani. Kisahani si shamba." Alimgeukia mwenzangu, na sauti yake ikawa ya upole ambao sikuwahi kuusikia. "Wewe ndiye mwenye bakteria. Wewe ndiye ninayebaki naye, nilishaamua. Huyu ana kinyongo na tunajua sababu yake. Hebu niambie wewe."

Ilikuwa wazi anachompa. Angesema tu kwamba hana uhakika, kwamba arudie tena, na nafasi ingekuwa yake, nami ningerudi kuwa mwizi mwenye kinyongo. Nilimtazama pembeni. Alikuwa ameshika mikono yake mapajani kama mtu aliye kanisani.

"Huyu bakteria si wangu," alisema. "Ni wa friji."

"Fikiria vizuri."

"Nimefikiria, Profesa. Mama yangu analima kule. Akinunua hiyo pakiti atapanda vidudu vilivyokufa na kungoja mahindi." Kisha akanielekezea kidole bila kunitazama. "Na sisemi hivi kwa ajili ya huyu. Huyu simpendi."

Profesa alituambia tutoke. Kwenye korido nilingoja aseme kitu, na nadhani naye alingoja mimi niseme. Akaenda upande wake.

Nafasi ya udaktari ilienda kwa mtu aliyetoka chuo kingine. Kiwanda, nilivyosikia, hakikumtaka tena yule bakteria baada ya profesa kuona sisi wawili hatubadilishi neno na kulazimika kuwaandikia ukweli. Sisi wawili tulianza upya, kila mtu na udongo wake, kila mtu na chupa yake ya sukari, na profesa akatusimamia kwa barua pepe za mstari mmoja. Mwaka mzima wa ziada tulikaa maabara moja. Tulipishana kwenye mashine. Nilimjua kwa sauti ya viatu vyake. Bakteria niliyempata mwishowe alikuwa wa kawaida, mwenye duara dogo na mafuta yaliyojaa matawi, na alivumilia joto bila shida. Nilimaliza. Yeye pia alimaliza, kabla yangu kidogo, na siku alipokusanya vitu vyake aliniambia kwamba pipeti moja kwenye droo ya kushoto inapima vibaya. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kuniaga.

Siku hizi nafanya kazi ya kupima ubora katika kiwanda cha vyakula vya mifugo upande wa Ruiru. Napima mafuta, kwa mashine iliyo bora kuliko ile ya chuo, na wakubwa wangu hawanipendi kwa sababu nazuia magari yasipakiwe. Nimezoea.

Nilikutana naye mwaka huu, mvua ndefu zilipokaribia, kwenye duka la pembejeo mjini Thika. Nilikuwa nimetumwa kuchukua sampuli za chumvi ya ng'ombe. Alikuwa mbele yangu kaunta, amenenepa kidogo, na alikuwa anamhoji muuzaji kuhusu pakiti ya bakteria wa kupaka mbegu za maharagwe.

"Mnaiweka wapi usiku? Na mchana duka likiwa na joto?"

"Madam, iko tu hapo kwa rafu. Watu wananunua."

"Sijauliza kama wananunua."

Muuzaji aliniangalia kama mtu anayeomba msaada. Nikamwambia, "Mjibu." Ndipo alipogeuka akaniona. Hakutabasamu, wala mimi.

"Bado unanichukia?" aliniuliza, kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza nauli.

Nilifikiria kumpa jibu la kiungwana. Watu walikuwa wanasikiliza.

"Hujawahi kuniomba msamaha," nilisema.

"Sijawahi. Hata wewe uliyosema kuhusu mama yangu hujayaondoa."

"Sijayaondoa."

"Basi bado," alisema, na akairudisha ile pakiti kwenye kaunta. "Usinunue hii. Imekaa kwenye joto." Akachukua mfuko wake wa mbegu zisizopakwa kitu, akapita pembeni yangu hadi nje, ambako mama mmoja mzee mwenye sura kama yake alikuwa akimngojea, ameketi juu ya gunia la mbolea. Walisaidiana kulibeba hadi kwenye pikipiki. Niliwatazama mpaka muuzaji aliponiuliza nataka nini.